Stori ya Ewa na Maria: Vile Sirkal ya Poland Ilipasua Taasisi Yake ya Nyuklia

Ukiskia mtu amesema Ewa na Maria wako Świerk, unaweza dhani anabonga kuhusu masista wawili wa mtaa flani. Zii. Hao ni vinu vya nyuklia. Wapoland walikuwa na hiyo tabia ya kupatia mashine zao majina ya wadada: mbali na hao wawili kulikuwa pia na Anna, Agata, Maryla, Wanda na Helena, vinu vidogo vya majaribio. Świerk yenyewe iko Otwock, kama kilomita 30 hivi kutoka Warsaw, ndani ya msitu. Na wote walizaliwa kwa boma moja, Taasisi ya Utafiti wa Nyuklia, ambayo sai haiko tena.

Turudi 1955. Vita baridi imeshika, Marekani na Moscow kila mmoja anataka kuonekana ndiye mkubwa wa atomu. Mwaka huo Moscow ikasema itasaidia marafiki zake, Poland wakiwemo, kujenga vinu vya utafiti. Poland ikaanzisha taasisi mwaka huo huo na kupatia kazi mzae anaitwa Andrzej Sołtan. Huyu hakuwa wa kuokotwa tu. Miaka ya mwanzo ya 1930 alikuwa California, na yeye na wenzake wawili walikuwa kati ya watu wa kwanza kutengeneza nyutroni kwa mashine. Nyutroni ndiyo ile chembe inapasua atomu, kwa hivyo jamaa alijua vizuri kitu alikuwa anashika.

Juni 1958, Ewa akawashwa. Jina lenyewe ni herufi za kwanza za maneno ya Kipolandi: cha majaribio, cha maji, cha atomu. Lakini pia Ewa ni Hawa, mwanamke wa kwanza, na hiki kilikuwa kinu cha kwanza nchini. Mchezo safi wa maneno. Alianza na megawati 2, baadaye akapandishwa mpaka 10. Hakuwa wa kutoa stima, kazi yake ilikuwa utafiti na kutengeneza dawa za mionzi za hosi na viwanda. Sołtan hakumfurahia sana, aliaga 1959.

Ewa alikuwa wa Kisovieti. Maria ndiye wa nyumbani. Wapoland walimchora wenyewe, wakamwasha Disemba 1974, megawati 30, na jina likatoka kwa Maria Skłodowska-Curie, yule binti wa Warsaw aliyechukua Nobel mara mbili. Hapo taasisi ilikuwa juu kabisa.

Halafu ngori ikaanza. 1980 wafanyakazi wa Poland waliunda chama chao, Solidarność, na kwa muda mfupi kikawa na wanachama karibu milioni 10. Kwa nchi ya chama kimoja hiyo ilikuwa noma. Na hata wasee wa Świerk, watu wa makoti meupe, waliingia. Usiku wa kuamkia Disemba 13, 1981, Jenerali Jaruzelski, yule wa miwani nyeusi, akatangaza sheria ya kijeshi. Vifaru barabarani, simu zikakatwa, maelfu wakatupwa ndani.

Mwaka mmoja baadaye, Disemba 1982, taasisi ikavunjwa. Ikakatwa vipande vitatu: moja ya fizikia, moja ya nishati ya atomu, moja ya kemia na teknolojia. Kwa karatasi ni mpangilio mpya. Lakini wenyewe wanaikumbuka kama adhabu ya kusimama na Solidarność, na mimi nawaamini. Ukitaka mbogi inyamaze si lazima uifunge yote, unaipatia mabosi watatu, bajeti tatu na mihuri mitatu.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Maria alizimwa 1985 kufanyiwa ukarabati na hakurudi mpaka 1993. Mradi wa kituo cha stima ya nyuklia kule Żarnowiec, uliokuwa umeanza kujengwa, ulipigwa na hofu ya Chernobyl na uchumi mbovu, ukatupwa 1990. Ewa naye alizimwa kabisa Februari 1995.

Lakini cheki hii. Kuna dawa inaitwa teknesiamu, madaktari huitumia kupiga picha za moyo, mifupa na saratani. Haiwekwi stoo: kila saa 6 nusu yake imeisha. Inatoka kwa molibdenamu, nayo nusu yake huisha kwa saa 66, kwa hivyo lazima vinu viendelee kuipika wiki baada ya wiki. Mei 2009 kinu kikubwa cha Kanada kiliharibika, kikakaa mwaka na zaidi. Mapema 2010 kile cha Petten, Uholanzi, nacho kikafungwa kurekebishwa. Hosi za dunia zikaanza kuahirisha vipimo, na ukiwa unangoja kujua kama saratani imesambaa, wiki moja ni ndefu sana. Hapo ndipo Maria aliitwa. 2010 akaanza kupika molibdenamu, na wagonjwa wa nchi ambazo hata hazijui Świerk iko wapi wakapata picha zao.

2011 sirkal mpya ikaunganisha vipande viwili, kile cha fizikia na kile cha nishati, kuwa Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Nyuklia, pale pale msituni. Kile cha kemia hakikuingia. Mpaka leo kiko Warsaw, na jina lake lile la 1983.