Usaili wa kuongoza hospitali ya mpakani: Jopo huuliza hesabu kabla ya sindano

Biashara ya mpakani haikosi mgonjwa. Mama mwenye mzigo wa mitumba hushikwa na malaria Busia kabla hajauza hata nusu. Dereva wa lori hupandwa na shinikizo la damu akiwa kwenye foleni ya Rusumo. Mchuuzi wa vitunguu huteleza Namanga siku ya mvua na kuvunjika mguu. Wote hukimbizwa hospitali ya serikali iliyo karibu, upande wowote wa mpaka ule.

Huko watakuta dawa, au watapewa karatasi wakanunue nje. Foleni itasogea, au watalala kwenye benchi. Watapewa risiti, au wataombwa “ya chai”. Mambo hayo hayaamuliwi na daktari wa zamu peke yake. Huamuliwa zaidi na yule anayeshika kalamu ya hospitali: mganga mfawidhi, kama aitwavyo Tanzania, au msimamizi wa hospitali, kama wasemavyo wengi Kenya na Uganda.

Mtu huyo mara nyingi ni mtoto wa familia kama za wasomaji wa ukurasa huu. Karo ya vyuo vya uuguzi na udaktari imetoka kwenye magunia ya mahindi, mashuka ya Kampala na samaki wa Ziwa Victoria. Waliosomeshwa hivyo sasa wamekaa wodini miaka minane au kumi, na tangazo la nafasi ya uongozi likitoka familia nzima huanza kuulizana: ajiandae vipi, na je, kuna mtu wa kumwona?

Swali la pili lina jibu fupi, nalo litafuata. La kwanza ndilo refu.

Nani anaajiri

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kudhani kwamba serikali ni mlango mmoja. Nchini Kenya, huduma nyingi za afya zilihamia mikononi mwa kaunti 47 baada ya uchaguzi wa 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Hospitali ya kaunti huajiri kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Anayesubiri tangazo kutoka Nairobi anaweza kusubiri bure wakati tangazo limetoka kwenye tovuti ya kaunti yake.

Uganda ina milango miwili. Tume ya Utumishi ya Wilaya hushughulikia watumishi wa wilaya, akiwemo Ofisa Afya wa Wilaya. Tume ya Utumishi wa Afya hushughulikia hospitali za rufaa, za mikoa na za taifa.

Tanzania Bara, ajira nyingi mpya hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal. Usaili huanza na mtihani wa maandishi wa mchujo, baadhi ya kada hufanyiwa usaili wa vitendo, kisha hufuata mahojiano ya ana kwa ana. Lakini nafasi za uongozi kama Mganga Mkuu wa Halmashauri kwa kawaida hujazwa kwa uteuzi miongoni mwa watumishi waliomo. Kwa hiyo maandalizi yake hayaanzi siku ya tangazo. Huanza siku mtumishi anapokabidhiwa wodi, stoo au kamati na watu wakaanza kuangalia anavyoiendesha.

Mpaka bado upo

Kuna jambo ambalo familia za mipakani huligundua zikiwa zimechelewa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka na kuajiriwa katika nchi wanachama. Hata hivyo, itifaki hiyohiyo inaziacha nje ajira za utumishi wa umma, isipokuwa pale sheria za nchi husika zinaporuhusu. Muuguzi wa Mutukula upande wa Uganda anaweza kutafuta kazi katika hospitali binafsi ya Bukoba kwa kufuata taratibu za kibali na usajili. Kuongoza hospitali ya serikali huko ni habari nyingine.

Wapo pia waliosoma ng’ambo ya mpaka na kurudi kwao. Hao wana kazi ya ziada ya karatasi. Tanzania hutambua shahada za nje kupitia TCU na vyeti vya sekondari kupitia NECTA. Uganda hutumia NCHE kwa vyuo vikuu na UNEB kwa sekondari. Kenya ina mamlaka yake ya sifa za kitaaluma, KNQA. Ulinganisho huo huchukua muda, na tangazo la kazi huwa na wiki chache tu. Afadhali ufanywe kabla nafasi haijatangazwa.

Majina nayo huleta kizaazaa. Mtoto aliyeandikishwa shule upande mmoja kwa jina la babu na upande mwingine kwa jina la baba anaweza kurudishwa mlangoni. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira Tanzania husema wazi kuwa anayetofautiana majina kwenye nyaraka aje na hati ya kisheria ya kubadili majina, na kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliki badala ya vyeti halisi. Kenya, bodi nyingi huomba uthibitisho wa kodi kutoka KRA, cheti cha mwenendo mwema cha polisi, barua ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na ya tume ya maadili, EACC. Mwenye deni la mkopo wa masomo aanze kulipa mapema. Leseni ya taaluma nayo iwe hai.

Kutoka wodini hadi ofisini

Ndani ya chumba cha usaili, wengi huangushwa na ujuzi wao wenyewe. Muuguzi bora huulizwa ataiongozaje hospitali, naye hueleza namna ya kumhudumia mgonjwa. Jopo linajua tayari kwamba anaweza kuchoma sindano. Limeona leseni yake. Linataka kujua kama anaweza kuwapanga wachoma sindano 60 katika zamu tatu bila wodi ya wazazi kubaki na mtu mmoja usiku.

Namna rahisi ya kujipima ni kutumia nguzo sita za mfumo wa afya zilizoainishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007: utoaji wa huduma, watumishi, taarifa, dawa na vifaa, fedha, na uongozi. Mwombaji achukue daftari, agawe kurasa sita, na chini ya kila nguzo aandike mambo mawili: tatizo moja la hospitali anayoiomba, na hatua ambayo angeichukua ndani ya siku 90 za kwanza kwa bajeti iliyopo. Ukurasa utakaobaki mweupe ndio wa kwenda kuusomea.

Sheria hazihitaji kukaririwa kama aya za mtihani, ila lazima zijulikane zinavyogusa kazi. Kwa Kenya, mwombaji ajue Kifungu cha 232 cha Katiba kuhusu maadili ya utumishi wa umma, Kifungu cha 227 kuhusu ununuzi wa haki, wazi na wa ushindani, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Aelewe pia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa sababu madai yasiyojazwa vizuri huigharimu hospitali mapato yake.

Hesabu ya dukani

Hapa ndipo mtoto wa mfanyabiashara ana mtaji ambao huenda hajui kuwa anao. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hospitali ni mali ya watu wengi.

Sheria ya Kenya ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo inaruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia kwa huduma zao. Awali, katika kaunti nyingi pesa hizo ziliingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti, na hospitali ikangoja. Tanzania, tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Maana yake ni moja pande zote mbili: msimamizi wa leo anashika pesa kuliko wa zamani, na jopo litamuuliza atazilindaje.

Jibu la maana huanza na vitu ambavyo mwenye duka anavijua. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi. Kila shilingi iwe na risiti. Mapato ya siku yapelekwe benki na kulinganishwa na idadi ya wagonjwa waliosajiliwa siku hiyo. Bei za huduma zibandikwe ukutani ambapo mgonjwa anaziona.

Dawa ni hivyohivyo. Muuza mayai hatoi trei iliyoingia jana akaacha ya wiki iliyopita ioze. Kwenye stoo ya dawa kanuni ni kali zaidi: hutoka kwanza ile inayokaribia kuisha muda, hata kama imeingia jana. Mwombaji akiulizwa kwa nini dawa huisha, asikimbilie kulaumu KEMSA ya Kenya, Bohari ya Dawa ya Tanzania au NMS ya Uganda. Huenda ucheleweshaji upo. Lakini jopo linataka kusikia yaliyo ndani ya uwezo wake: leja inayojazwa kila siku, matumizi ya mwezi yanayojulikana, oda inayotumwa kabla rafu haijabaki tupu, na hesabu ya stoo inayofanywa na mtu asiyeitunza stoo hiyo.

Swali la mpakani

Anayeomba hospitali iliyo karibu na mpaka ajiandae kwa swali lake maalumu: mgonjwa wa nchi jirani amefika usiku, hana bima, hana pesa. Utafanya nini?

Kwa Kenya, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi raia, kinasema mtu. Uganda ilifuta ada za wagonjwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Sera ya Tanzania inatoa msamaha kwa makundi kama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Jibu jema humtibu mgonjwa kwanza, kisha hueleza gharama itaandikwa wapi, nani ataarifiwa, na hospitali ya upande wa pili itapokeaje rufaa yake. Anayesema “nitamtibu tu” ameonyesha huruma bila mpango, na anayesema “nitaangalia kitambulisho kwanza” huenda akawa amekosa kazi.

Swali la pili ni la mlipuko. Wafanyabiashara hawajasahau mwaka 2020, foleni ya malori Malaba ilipokwenda kilomita nyingi madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Mwishoni mwa Julai 2024, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda, aliyegunduliwa katika kituo cha mpaka cha Taveta. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, WHO ikatangaza dharura ya kimataifa.

Msimamizi mzuri hafungi mpaka, kwani hana mamlaka hayo. Kazi yake ni kuwa na chumba cha kumtenga mgonjwa, sampuli inayosafirishwa haraka, namba ya simu ya mwenzake wa upande wa pili, na taarifa inayofika sokoni kabla ya uvumi. Saa anazookoa yeye ni nyanya ambazo hazitaoza kwenye lori. Mwombaji anayeweza kulieleza hilo mbele ya jopo ameelewa mahali anapoomba kazi.

Namna ya kusema

Majopo mengi siku hizi huomba mfano halisi: “Tueleze siku ulipotatua mgogoro kazini.” Hadithi isiyo na mpangilio huchosha. Mpangilio wenye hatua nne husaidia: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yalikuwa nini kwa idadi. “Nilipanga upya zamu” ni nusu ya jibu. “Nilipanga upya zamu, na wastani wa mgonjwa kusubiri ukashuka kutoka saa nne hadi saa mbili” ni jibu kamili, mradi ni kweli na rejista inaonyesha.

Mwombaji aandae mifano sita ya namna hiyo na kuisema kwa sauti mbele ya watu. Jopo la mazoezi halihitaji maprofesa. Shangazi anayeuza nguo jumla, dereva wa lori na fundi cherehani wanatosha, kwa kuwa ndio wateja wa hospitali hiyo. Wasipoelewa jibu, basi limejaa maneno ya ofisini.

Pesa ya kununua kazi

Lile swali la mtu wa kumwona sasa. Familia za biashara hulengwa na matapeli kwa sababu hujulikana kuwa na pesa taslimu. Hupigiwa simu na kuambiwa jina limo kwenye orodha, kilichobaki ni “kumalizana”. Vyombo vya ajira vya nchi hizi vimeonya mara nyingi kwamba havitozi ada ya usaili, na matangazo ya kaunti za Kenya huandika kuwa anayeshawishi kwa njia yoyote ataondolewa.

Kuna hasara kubwa kuliko pesa kuliwa na tapeli, nayo ni pesa hiyo kufanikiwa. Aliyeinunua nafasi atataka kurudisha mtaji wake kama mfanyabiashara mwingine yeyote, na duka lake litakuwa stoo ya dawa na dirisha la malipo. Atakayelipia faida yake ni mama wa mitumba aliyeletwa kwa malaria, yaani soko lilelile lililochanga pesa ya kumnunulia kazi.