Pembe zilipita Tabora, muziki ukapigwa kwingine

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika mazungumzo yetu ya kila juma. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji.)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu wanne wanaoketi kwenye viti vinne, kila mmoja na karatasi zake mbele yake, wakapiga muziki bila mtu wa kuwaongoza. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Nakuomba subira. Njia ya kufika kwao inapita Tabora.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjini humo. Mwenyeji wangu, mzee wa rika la marehemu baba yangu, alinionyesha piano kuukuu iliyowekwa stoo. Mchwa walikuwa wamekwisha kula mguu mmoja. Nyuzi zilikuwa na kutu, ukibonyeza unasikia sauti kama ya bati. Lakini vibao vyeupe vilikuwa bado vimekaa mahali pake. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hebu pitisha ukucha hapo." Nikapitisha. Nikaona mistari myembamba sana, kama ya ubao uliopigwa randa. Haikuwa plastiki. Ilikuwa pembe ya ndovu.

Mzee akasema, "Babu yangu alikuwa mpagazi. Alizibeba hizi mpaka Bagamoyo. Kumbe walikuwa wanakwenda kuzifanya hivi!" Kisha akaniuliza: "Na huo muziki wenyewe, aliusikia nani?"

Mpenzi msikilizaji, swali hilo sikuweza kulijibu siku ile. Leo nitajaribu.

Katika karne ya 19 Tabora, au Kaze kama ilivyoitwa na wasafiri, ilikuwa njia panda kubwa ya bara. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji. Nyingine ilipanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Nyingine ilishuka pwani, ikipita Ugogo ambako watemi walitoza hongo, hadi Bagamoyo. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, vijana waliokwenda kwa hiari yao kutafuta ujira, na safari ilikuwa sifa kwao. Wengine katika njia hiyo hiyo walikwenda wakiwa wamefungwa minyororo, na jambo hilo halifai kufichwa. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze mwezi Novemba mwaka 1857, ameeleza jinsi msafara ulivyokwenda. Mbele alikuwapo kirangozi katika mavazi yake mekundu, na mpiga ngoma karibu naye. Nyuma yao walifuata wabeba pembe, watu wenye heshima kuliko wapagazi wengine, na pembe zao zilifungwa kengele. Kwa hiyo pembe ile ilitembea na muziki wake tangu bara. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia, na mguu ukafuata.

Kutoka Bagamoyo pembe zilivushwa hadi Unguja, na kutoka Unguja nyingi zilikwenda Marekani. Katika jimbo la Connecticut upo mji wa Deep River, na jirani yake upo mwingine uitwao Ivoryton, jina ambalo maana yake ni mji wa pembe. Viwanda vya huko vilikata pembe kuwa vipande vyembamba, vikavianika katika nyumba za vioo ili jua livifanye vyeupe, kisha vikavigandisha juu ya vibao vya piano. Piano moja ina vibao vyeupe 52. Na mpagazi alilipwa nini? Sehemu kubwa ya malipo yake ilikuwa kitambaa, na kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa huko huko Marekani. Wao walituletea nguo iliyokwisha kufumwa. Sisi tuliwapelekea pembe mbichi.

Sasa piano zile zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda majumbani, katika vyumba vya kupokelea wageni. Humo ndimo ulimokuwa umekua muziki unaoitwa muziki wa chumbani, yaani muziki wa watu wachache, wawili hadi wanane au tisa, uliotungwa kwa ajili ya chumba na si kwa ajili ya ukumbi mkubwa. Wakati mwingine piano imo. Wakati mwingine haimo, na kundi mashuhuri kuliko yote ni la watu wanne: fidla mbili, viola ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na selo inayoshikwa katikati ya magoti.

Kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana. Katika okestra kubwa wapiga fidla kumi na zaidi hupiga sauti moja, na mmoja akiteleza wenzake humfunika. Katika kundi la wanne kila mtu ana sauti yake peke yake. Ukikosea, umekosea hadharani. Hakuna kiongozi mwenye fimbo mbele yao. Anayeanza huvuta pumzi, au huinamisha kichwa kidogo, na wenzake huingia kwa pumzi hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mmoja hana budi kuijua sehemu yake na za wenzake watatu. Hukaa miaka pamoja, hubishana juu ya nota moja asubuhi nzima, kisha jioni huketi mbele ya watu kama kwamba hapakuwa na ubishi.

Wapo wanaopiga kazi za watunzi waliokufa zamani, kama vile Haydn na Beethoven. Wapo pia waliochagua kupiga kazi za watunzi walio hai, na mashuhuri kati yao ni kundi la Kronos la Marekani. Lilianzishwa mwaka 1973 katika mji wa Seattle na mpiga fidla David Harrington, baada ya kusikia redioni kazi ya mtunzi George Crumb iliyozaliwa na uchungu wa vita vya Vietnam. Naam, redioni. Sisi wa redio tunapenda kukumbuka jambo hilo.

Kundi hilo changa halikuwa na fedha. Hata hivyo Harrington alimwendea aliyekuwa mwalimu wake, Ken Benshoof, akamwomba awatungie kazi mpya. Malipo yalikuwa mfuko wa maandazi. Unaweza kucheka, lakini tazama kilichomo ndani ya kichekesho hicho. Tangu siku ya kwanza, hata kwa maandazi, walikubali kwamba mtunzi hulipwa. Tangu hapo wamewaagiza watunzi wa pande zote za dunia, na kazi walizotungiwa zimezidi 1,000. Mtunzi akiwa hai, wapigaji humpigia simu na kumwuliza: hapa ulitaka tuguse waya kwa upinde au kwa kidole? Haydn hawezi kuulizwa.

Mwaka 1992 Kronos walitoa santuri yenye kazi za watunzi wa Afrika peke yao. Wapigaji walikuwa Harrington, John Sherba, Hank Dutt na mwanamama Joan Jeanrenaud kwenye selo. Mmojawapo wa watunzi hao ni jirani yetu, Justinian Tamusuza wa Uganda. Kazi yake inaitwa kwa Kiganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, na Mswahili ataelewa bila mkalimani: katika njia ya msalaba. Iliyopigwa katika santuri ni sehemu yake ya kwanza.

Labda utauliza, Mganda na fidla wapi na wapi? Fikiria amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Mmoja hupiga, na mwenzake hupiga katikati ya mapigo ya yule wa kwanza, haraka haraka, hata msikilizaji akasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Wa tatu huokota sauti za vibao viwili vya mwisho. Watu watatu, hakuna kiongozi, kila mmoja ana sehemu yake, na akikosea mmoja wimbo unavunjika. Huo ni nini kama si muziki wa chumbani? Tamusuza alikulia katika muziki wa Kiganda, akajifunza nota, akaenda kusoma Marekani hadi shahada ya udaktari, kisha akafundisha Makerere. Alipoandika, alitumia nota kubeba mwendo wa kwao. Na fidla ilimfaa, kwa sababu shingo yake haina vituo kama gita. Kidole huweza kuitafuta sauti iliyo katikati ya sauti za piano.

Basi tazama njia hiyo. Karne ya 19 mpagazi alitoka upande wa Buganda na pembe begani, akashuka Tabora, akafika pwani, na jina lake halikuandikwa popote. Mwaka 1992 Mganda mmoja alipeleka Marekani kazi iliyokwisha kukamilika, na jina lake limeandikwa kwenye jalada. Hapo ndipo swali la mzee linapoanza kupata jibu.

Sisemi kwamba karatasi ndiyo njia peke yake. Kumbuka Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mtoto wa nchi ile ambayo misafara ilitoa hongo. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akaweka makao Bagamoyo, mahali pale pale ambapo misafara ilitua mizigo. Kwa zeze na ilimba, pamoja na jamaa zake wachache, alizunguka dunia, na wageni walikaa kimya kumsikiliza. Alifariki dunia mwezi Desemba mwaka 2003. Muziki wake ulikuwa kichwani mwake, vidoleni mwake na masikioni mwa jamaa zake. Kwa bahati nzuri jamaa hao walikuwapo: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Lakini ni wazee wangapi wa Unyamwezi wenye zeze ambao hawakubahatika kupata kijana wa kuketi nao?

Kila mchukuzi hutoza hongo yake. Karatasi haiwezi kubeba mtikisiko wa sauti ya mzee. Kanda hubeba sauti, lakini haimwelezi kijana kidole kiwekwe wapi. Mwanafunzi akiketi miguuni pa mwalimu hupata vyote, ila hutumia nusu ya umri wake. Mwenye mali ya thamani haiweki kwa mchukuzi mmoja.

Na biashara ya zamani je, imekwisha? Pembe imekwisha; mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara yake ya kimataifa, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Lakini ukiwaona wanamuziki wa chumbani wenye klarineti na oboe, vyombo vile vyeusi vya kupuliza, ujue kwamba vingi vimechongwa kwa mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Mti huo huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa. Tunaupasua vipande, tunaupakia melini, na chombo hutengenezwa Ulaya. Vijiji kadhaa vya Kilwa vilianza kuonyesha njia bora: mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, na mauzo ya magogo yakawa ya kijiji. Ni hatua nzuri. Hata hivyo bado tunauza gogo.

Ndugu msikilizaji, sidai kila mtoto wa Tabora ajifunze fidla. Tabora inaujua muziki. Huu ni mji wa Kiko Kids ya Salum Zahoro, na wa Tabora Jazz ambayo Shem Karenga aliitungia Dada Asha. Ninalosema ni kwamba mtoto mwenye sikio zuri afundishwe mambo mawili pamoja: zeze la babu yake, na nota za kuliandikia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye hana cha kuonyesha kwamba kazi ni yake. Kule Unguja walithubutu. Mwaka 2002 walifungua chuo cha muziki ambamo vijana walifundishwa udi, kanuni na fidla za taarabu, kwa sikio na kwa nota. Na chuo hicho walikifungua wapi? Katika jengo la zamani la forodha, pale Mizingani, ufukweni.

Nilimwandikia yule mzee haya yote. Nikamwambia kwamba muziki wa pembe zile waliusikia wengine, katika vyumba ambavyo babu yake hakuvijua. Akanijibu kwa mistari miwili. Alisema yule mjukuu wake anayepiga gita amekwisha ng'oa vibao vitatu vya ile piano, anataka kujua sauti inatokea wapi. Aliniuliza kama najua mwalimu.

Mimi namjua mmoja. Lakini mkoa una watoto wangapi?