Usisimame Kuutazama Mpira Wako

Katika mchezo wa mpira wa meza, ambao wengi huuita pingipongi, kuna pigo moja tu ambalo mchezaji hulipiga bila kusumbuliwa na mtu: ni lile la kuanzisha mpira. Lakini mara nyingi tunamwona kijana aliyeanzisha vizuri sana akipoteza pointi papo hapo. Kisa ni nini? Amesimama kuutazama mpira wake. Mwindaji akisha kutupa mkuki hasimami kuustaajabia. Hujiweka tayari, maana mnyama aweza kumrukia.

Hasara hiyo si ndogo. Tangu mwaka 2001 seti huishia kwenye pointi 11, si 21 tena, na kila mchezaji huanzisha mara 2 tu kabla ya kumwachia mwenzake. Tena meza ina urefu wa sentimeta 274 tu: mpira huenda na kurudi kwa kadiri ya sekunde moja.

Wengi wanaotumia mkono wa kuume huanzishia kwenye pembe ya kushoto ya meza, ubavu ukielekea wavu, mguu wa kuume nyuma. Namna hiyo yafaa kwa kuanzisha, bali haifai kwa kupokea, maana upande wote wa kuume umebaki wazi.

Basi fanyeni hivi. Raketi ikisha kugusa mpira, msiuache mkono uende mbali. Raketi irudi upesi mbele ya tumbo. Papo hapo mguu wa kuume uje mbele, mpaka kifua kiielekee meza. Miguu ipanuke kupita mabega, magoti yakunjwe kidogo, na uzito uwe sehemu ya mbele ya nyayo, wala si juu ya visigino. Rudini nyuma hatua moja, kwani kuufuata mpira mfupi mbele ni rahisi kuliko kukimbia kinyumenyume. Hayo yote yamalizike kabla mwenzenu hajaupiga mpira.

Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali, Mwafrika wa kwanza kufika hapo katika mchezo huu. Silaha yake kubwa ni pigo kali la mkono wa kuume. Lakini pigo la namna hiyo lahitaji miguu iliyo tayari. Mkono peke yake hauwezi kitu.

Jizoezeni bila mwenzi. Chukueni mipira 10 au hata 5, mchore kwa chaki sakafuni pahali pa kurudia, na kila mkianzisha, miguu ifike pale kabla mpira haujagonga upande wa pili. Baadaye mwiteni rafiki aurudishe po pote apendapo. Anayezoea hivyo kila siku hatashangaa tena mpira ukimrudia.