Manowari Iliyojengewa Mto

Maji yakipwa Mida, jahazi hukwama kwenye tope likalala ubavu, na kijana mwenye mtumbwi akapita kando yake akisukuma kwa upondo, hana habari. Mkuku wa jahazi umekwenda chini. Mtumbwi unaelea juujuu. Mwaka 1915 Waingereza walikutana na hesabu hiyohiyo kwenye delta ya Rufiji, na wao ndio waliokuwa na majahazi.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliizamisha HMS Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia Rufiji na kujificha nyuma ya mikoko. Meli za Kiingereza zikaziba milango ya mto kwa miezi. Zile zenye mizinga mikubwa hazikuweza kupanda mto, na vyombo vilivyoweza kupanda havikuwa na mizinga ya maana.

Dawa ilipatikana kwenye mali ya Brazil. Kiwanda cha Vickers, huko Barrow, kilikuwa kimeunda meli 3 za kulinda mto Amazon. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Uingereza ikazinunua. Mbili kati yazo zikabatizwa Severn na Mersey. Meli ya aina hii huitwa monita: fupi kwenda juu, pana, bapa chini kama sinia, imebeba mizinga mizito kuliko umbo lake. Severn ilikuwa na urefu wa mita 81 hivi, lakini ilizama majini chini ya mita 2. Kwanza zilipelekwa kupiga pwani ya Ubelgiji, na hapo zilifaa.

Baharini, hata hivyo, zilikuwa balaa. Chombo bapa hakishiki maji. Wimbi likikipiga ubavuni hukisukuma litakako. Ndiyo maana zilivutwa kwa kamba kutoka Malta, kupitia Suez na Bahari ya Shamu, hadi kisiwa cha Mafia, zikafika Juni, kusi likivuma. Nahodha yeyote wa Malindi angewaambia huo si mwezi wa kuleta sinia.

Tarehe 6 Julai ziliingia mtoni zikapiga siku nzima. Königsberg ilijibu vizuri zaidi, na Mersey ikapigwa. Tatizo halikuwa mizinga bali macho. Mlengaji hakumwona adui, kilomita 10 hivi nyuma ya miti; ndege iliyopaa juu ndiyo iliyomwambia kwa redio kombora limeanguka wapi. Meli mbili zikipiga pamoja, aliye juu atajuaje hili ni la nani?

Tarehe 11 Julai walirudi wakiwa wamejifunza. Severn ilitia nanga, ikapiga peke yake. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa ikaanza kushuka, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi walipotumbukia mtoni, na mashua ya Mersey ikawaokoa. Kufikia hapo makombora yalikuwa yamekwishampata adui. Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Kazi ya monita haikuishia Rufiji. Agosti 1916 zilishiriki kuipiga Bagamoyo. Mizinga 10 ya Königsberg nayo ilikuwa imeopolewa, ikatiwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Vita hivi vilikula mabega ya wapagazi kuliko baruti. Huku Kilifi, Wagiriama wa Mekatilili wa Menza walikwisha kugoma mwaka 1914: walikataa vijana wao wachukuliwe kuwa wapagazi, na serikali ya kikoloni ikailipua kaya yao takatifu, Kaya Fungo, mwezi uleule Uingereza iliponunua Severn na Mersey.

Monita hizo ziliuzwa mwaka 1921 kuwa vyuma chakavu. Mmoja wa mizinga ya Königsberg uko Fort Jesus, safari ya matatu tu kutoka Kilifi, na jirani yake ni mzinga wa Pegasus, meli ile iliyozamishwa Unguja.