Historia ya kale chuo kikuu: Kijana wa Kagondo aombe wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kawaida mwezi Julai, simu za vijana wa Kagondo hujaa ujumbe wa aina moja: umepata ngapi, na unaomba chuo gani? Iwe Kagondo ya Manispaa ya Bukoba au ile ya Muleba, swali ni hilo hilo.

Kwa aliyesoma HGL, HGK au HKL na kuipenda historia ya watu wa kale kuliko somo lingine lolote, swali la pili ndilo linalomnyima usingizi. Anaingia mtandaoni, anaandika "shahada ya historia ya kale", anapitia orodha za vyuo vya Tanzania na haioni. Wengi hukata tamaa hapo na kujaza chochote kilicho karibu.

Lakini shahada ipo. Ina jina lingine tu: akiolojia.

Kwa nini jina ni tofauti

Uingereza mwanafunzi anaweza kuchukua shahada inayoitwa kabisa historia ya kale. Huko neno hilo mara nyingi lina maana ya Ugiriki na Roma. Ushahidi wake mwingi uko kwenye maandishi, ndiyo maana wengi wanaoisoma hujifunza pia Kigiriki cha kale au Kilatini.

Magharibi mwa Ziwa Victoria hali ni nyingine. Watu walioishi hapa miaka 2,000 iliyopita hawakuacha vitabu. Waliacha vigae vya vyungu, mashimo ya matanuri, mkaa na mavi ya chuma, yaani yale mabaki meusi yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Waliacha pia majina ya mahali na masimulizi ya wazee.

Anayetaka kusoma historia hiyo anahitaji kujua kuchimba kwa utaratibu, kupima umri wa mkaa na kumsikiliza mzee bila kumkatiza. Kazi hiyo ndiyo akiolojia.

Mfano uko jirani: Katuruka

Katuruka iko upande wa Maruku, Wilaya ya Bukoba. Wahaya wanapakumbuka kama mahali pa ikulu ya Mukama Rugomora Mahe. Masimulizi yanasema mfalme huyo aliwakusanya wafua chuma wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na mahali pa kufulia chuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, alikuja kukusanya masimulizi hayo. Wazee ndio waliomwonyesha mahali penyewe. Alipochimba, alikuta mabaki ya kazi ya chuma, na vipimo vya mkaa vilionyesha umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wataalamu wameendelea kubishana kuhusu tarehe za mwanzo kabisa. Hata hivyo, eneo hili linatajwa miongoni mwa maeneo ya zamani ya uyeyushaji chuma Afrika Mashariki.

Baadaye wazee wa Kihaya waliowahi kuifahamu kazi hiyo walijenga tanuri na kuyeyusha chuma tena mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la *Science*. Ujuzi wa wazee wa Buhaya ukasomwa dunia nzima.

Hapa ndipo ishu inapokuwa nzito. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, uliondoka na watu wengi waliobeba masimulizi kama hayo. Waliobaki wanazeeka. Kijana wa Kagera anayechagua fani hii leo bado ana mtu wa kumuuliza, tena kwa Kihaya. Atakayekuja miaka 20 ijayo huenda asimpate.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Kwa Tanzania, jina la kwanza kuangalia ni UDSM. Masomo ya akiolojia yalianza hapo mwaka 1985, na Schmidt huyo huyo wa Katuruka alikuwa miongoni mwa walioyaanzisha. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka fani hii alilazimika kwenda nje.

Hapo ndipo walipofundisha watafiti waliobadilisha tunavyoijua nchi yetu. Profesa Felix Chami anajulikana kwa uchimbaji wa pwani, Rufiji na Mafia. Profesa Bertram Mapunda aliifuatilia historia ya chuma Ufipa.

Kinachofanya chuo hiki kiwe na uzito kwa fani hii ni mazoezi ya uwandani. Mwanafunzi hatoki na makaratasi peke yake. Anashika mwiko wa kuchimbia, anapima shimo, anaosha vigae na kuviandikia namba. Asiyefanya hayo anakuwa ameisoma akiolojia kama mtu aliyesoma kuogelea darasani.

Makerere na Nairobi

Kutoka Bukoba, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Ni kuvuka Mutukula na kuendelea. Chuo Kikuu cha Makerere kina idara inayounganisha historia, akiolojia na urithi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina idara ya historia na akiolojia.

Kwa anayependa tawala za maziwa makuu, yaani Bunyoro, Buganda, Karagwe na Buhaya, Makerere kuna mantiki, kwa sababu hadithi hizo zimeungana na mpaka umekuja baadaye. Lakini kabla ya kufunga begi, familia iulize mambo mawili: ada ya mwanafunzi kutoka nchi nyingine ya Afrika Mashariki ni kiasi gani, na je, mkopo wa HESLB utamfuata huko? Chuo cha karibu kwa kilomita kinaweza kuwa cha mbali sana kwa mfuko.

"Utakula nini na historia?"

Swali hili mzazi lazima aliulize, na ana haki.

Jibu la wengi ni ualimu, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Shahada ya akiolojia au ya historia peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Anayetaka kufundisha sekondari achukue shahada ya elimu yenye somo la historia. Vyuo vinavyoitoa ni vingi, kikiwemo SAUT cha Mwanza, jirani zaidi na Kagera. Anayeshindwa kuacha kazi au familia anaweza kuangalia Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo mkoani. Aliyekwisha kumaliza shahada ya kawaida anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu.

Aliyesoma akiolojia ana milango mingine: Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yenye Olduvai na nyayo za Laetoli, na utalii. Nafasi hizo si nyingi, na ni vizuri kulisema hilo mapema.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawauoni. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na tathmini hiyo huangalia pia makaburi, maeneo ya matambiko na mabaki ya kale. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Kagera, Muleba ikiwemo. Lazima awepo mtu anayejua kutofautisha jiwe la kawaida na pande la mavi ya chuma kabla greda halijafika.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Sifa ya chini ya kuingia shahada, kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, ni alama mbili za ufaulu wa juu zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili anafika. Mwenye D na E hafiki. Lakini kila programu inaweza kuwa na masharti yake ya masomo, kwa hiyo mwongozo wa TCU wa mwaka husika usomwe hadi mwisho wa mstari.

Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja huthibitisha kimoja tu, kwa wakati.

Kwa kila chuo, mwombaji apate majibu ya haya:

• Jina kamili la shahada ni lipi: historia, akiolojia, urithi, au elimu?
• Mazoezi ya uwandani ni ya wiki ngapi, wapi, na nani analipia?
• Walimu wa idara wametafiti nini miaka ya karibuni?
• Je, kuna maabara ya kuchambua vigae, mifupa na chuma?
• Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa?

Namba ya idara mara nyingi iko kwenye tovuti ya chuo. Simu ya dakika tano inaweza kuokoa miaka mitatu.

Na kuna jaribio moja la bei nafuu kuliko ada ya maombi: kufika Katuruka kabla ya kuomba. Wenyeji walianza kulifufua eneo hilo tangu 2008 ili wageni na wanafunzi walione. Akisimama pale, akasimuliwa habari za Rugomora Mahe na akatamani kuuliza swali la pili na la tatu, basi ameshajua anachokitaka. Akianza kuangalia saa, bora ajue mapema, mkopo haujaanza kuhesabika.