Teke la Bunduki na Mizani ya Kulipima

Mkazi wa Nairobi apitaye asubuhi katika Barabara ya Kenyatta, akazipita benki zilizopangana huko, kisha akapanda gari la kwenda Westlands au Karen, aghalabu huwa amekwisha kuiona bunduki mara kadhaa kabla ya kufika aendako, ama begani mwa askari alindaye mlango, ama mapajani mwa mwenziwe aliyeketi garini. Na kwa kuwa macho yake yameizoea, hajiulizi tena chombo kile humtendea nini mwenye kukishika pindi kinapolia. Tuwazapo bunduki humuwaza aliye mbele yake, na ni haki kuwaza hivyo, kwani yeye ndiye apatwaye na mauti. Lakini kila risasi iendayo mbele hurudisha nyuma pigo lake, ambalo walenga shabaha huliita teke, na teke hilo lina neno kubwa katika kuamua risasi ya pili itaangukia wapi. Kwa sababu hiyo mafundi kwa mafundi wamebuni vifaa kwa vifaa vya kulipunguza teke katika bunduki zijijazazo zenyewe baada ya kila mpigo, na sifa za vifaa hivyo ni nyingi vinywani mwa wauzaji. Makala haya yakusudia kueleza vifaa hivyo hutenda kazi vipi na vipimwe vipi kwa insafu, maana naamini kwa yakini kwamba teke halifutiki, ila huhamishwa, na jaribio lisilouliza limehamia kwa nani ni nusu ya jaribio.

Kanuni yenyewe ni ya kale. Isaac Newton aliiandika mwaka 1687, na hata leo wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishwa huko Chiromo, karibu na Riverside Drive, kwamba kila tendo lina tendo la kulikabili lililo sawa nalo. Tuitwae bunduki ya G3, yenye asili ya Ujerumani, ambayo polisi wa Kenya wameibeba miaka mingi. Risasi yake ina uzito wa gramu tisa na nusu hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde, ilhali bunduki yenyewe ina uzito wa kilo nne na ziada. Nyuma ya risasi hutoka gesi ya baruti, ambayo uzito wake haufiki theluthi moja ya uzito wa risasi, bali kasi yake huipita risasi kwa mbali. Ukiyajumlisha hayo mawili, wapata kwamba bunduki hurudi begani kwa mwendo wa mita mbili na nusu hivi kwa sekunde, ikiwa na nishati ya takriban jouli 14. Na AK, ambayo risasi yake ni nyepesi na baruti yake ni haba, huwa na nusu ya nishati hiyo au zaidi kidogo. La kushika hapa ni kwamba katika G3 karibu theluthi moja ya msukumo wa kurudi nyuma hutokana na gesi peke yake, kwa sababu katika gesi hiyo ndimo ilimofichwa siri ya vifaa vingi tutakavyovitaja.

Njia za kulituliza teke ni tatu. Ya kwanza ni uzito, maana bunduki nzito husukumika kwa shida kuliko nyepesi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, msafara wake ukitayarishwa na kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, kwa kuwa risasi ya kumwangusha tembo, ingepigwa kwa bunduki nyepesi, ingemwadhibu mpigaji takriban kama impigavyo mnyama. Lakini uzito hubebwa mchana kutwa, na askari anayekesha mlangoni hawezi kupewa mzigo wa mwindaji mwenye wapagazi.

Njia ya pili ni kitako, yaani kutia mto wa mpira, chemchemi au mtungi mdogo wa mafuta baina ya bunduki na bega, ili pigo lisiingie kwa ghafula bali lisambae katika muda mrefu zaidi na mahali papana zaidi. Njia hii haipunguzi chochote katika jumla ya msukumo, huugawa tu. Nchi hii ina ushahidi wa jinsi inavyoweza kwenda kombo. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, askari wa King's African Rifles walikwenda katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakiwa na bunduki fupi ya Lee-Enfield namba 5, iliyofanywa nyepesi kwa karibu kilo moja kuliko ndugu yake namba 4, na ili kuufidia wepesi huo ikatiwa mto wa mpira kitakoni. Ole wao, mto ule ulikuwa mwembamba kuliko kitako cha kawaida, na kwa kupitiwa na miaka mpira wake ukawa mgumu, hata pigo lililokusudiwa kutawanywa likakusanywa mahali padogo pa bega, na bunduki ikapata sifa ya ukali. Ijapokuwa bunduki ile haikuwa ya kujijaza yenyewe, funzo lake lafaa kila aina: jina la kifaa na nia ya mfanyaji si hoja, mpaka mizani imesema.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo mashuhuri zaidi siku hizi, ni breki ya mtutu, kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Risasi hupita katikati bila kuguswa, lakini gesi iifuatayo hugonga kuta za matundu na kugeuzwa njia, ikatoka ubavuni au juu, na katika kugeuzwa huko huuvuta mtutu mbele au kuukandamiza chini. Mfano mwepesi kuliko yote uko katika AKM ya mwaka 1959, ambayo mdomo wake umekatwa mshazari, ule mdomo wa chini ukatokeza, hata gesi ikaukandamiza mtutu kwenda chini na kushoto, kuikabili tabia ya bunduki hiyo ya kupanda juu na kulia mikononi mwa wengi. AK-74, iliyokuja baadaye, ilipewa breki kubwa yenye vyumba, na ikasifiwa kwa upole wake begani. Ila breki yatawala gesi tu. Ile sehemu ya teke iliyozaliwa na risasi yenyewe haina wa kuigusa, na mwuzaji aahidiye bunduki isiyopiga teke kabisa ameahidi kinyume cha Newton.

Mtu aweza kuuliza, bega la askari ni la nini hata litafutiwe raha? Jibu ni kwamba jambo si raha. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwanafunzi aliyepigwa na bunduki siku ya kwanza ya mafunzo, iwe katika chuo cha polisi cha Kiganjo au kwingineko, mara ya pili hufumba macho na kukaza mkono kabla hajafyatua, risasi ikaenda isikokusudiwa. Hofu hiyo huwapata zaidi wenye umbo dogo, na miongoni mwao wengi wa maafisa wa kike, ambao hupewa bunduki zilizopimwa kwa mabega ya watu wakubwa kuliko wao. Katika mji kama huu, ambamo nyuma ya kila shabaha pana dirisha, matatu au mwuza matunda, risasi iliyopotoka hatia yake haina kipimo. Basi kifaa kitakachoifanya ya pili ifuate ya kwanza chastahili heshima, kama kweli chafanya hivyo.

Hapo ndipo jaribio linapohitajika, nalo lina hatua zake. Hatua ya kwanza ni kuuondoa mwili wa mtu katika kipimo, maana bega husema uongo: husema kweli asubuhi, likachoka adhuhuri, na likawa na chuki jioni. Mwingereza Benjamin Robins alieleza mwaka 1742 jinsi ya kuipima kasi ya risasi kwa kuipiga katika pendulamu ya mbao, na waliomfuata wakaitundika bunduki yenyewe kwa kamba, wakaifyatua kutoka mbali, wakapima imebembea nyuma kadiri gani. Mpango huo, pamoja na vyombo vya kisasa vya umeme, ungali ndio msingi. Bunduki hufyatuliwa bila kifaa, kisha ikiwa na kifaa, kwa risasi za sanduku moja, mara nyingi za kutosha kuzishinda bahati; na kwa kuwa kifaa huongeza uzito, na uzito peke yake hupunguza teke, sharti iwepo pia zamu ya tatu, yenye kipande cha bandia chenye uzito na umbo lile lile lakini kisicho na matundu. Pasipo zamu hiyo, gramu mia za chuma zaweza kusifiwa kwa kazi ya uhandisi.

Hatua ya pili ni kuwarudisha watu, wakubwa kwa wadogo, wazoefu kwa wageni, wapige shabaha bila kuambiwa ni kifaa gani kimefungwa, na mpimaji ahesabu vitu viwili: muda upitao baina ya risasi ya kwanza na ya pili, na umbali baina ya matundu yake mawili katika shabaha. Hatua ya tatu yahusu bunduki yenyewe, kwa maana bunduki ya kujijaza huendeshwa na nguvu ile ile tunayotaka kuipunguza. G3 hutegemea shinikizo la ganda la risasi linalousukuma mtambo nyuma, ambao huzuiwa kidogo na gololi mbili. AK hutegemea gesi itolewayo mtutuni. Na kifaa kinachoubadili mwendo wa bunduki au shinikizo la gesi chaweza kuifanya ikwame. Kwa hiyo sharti mamia ya risasi yapigwe, katika vumbi na katika joto, kabla ya mtu kuthubutu kusema kifaa ni salama.

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ni kuuliza teke limehamia wapi. Gesi iliyogeuzwa ubavuni haikutoweka. Imekwenda kwa jirani. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150, ilhali wataalamu wa afya huuchukua mpaka wa 140 kuwa ndio ambao mlio mmoja tu waweza kulidhuru sikio daima. Na breki, kwa kuupeleka mvumo nyuma na kando, huongeza desibeli kadhaa masikioni mwa mpigaji, na zaidi kwa aliye ubavuni mwake. Katika uwanja wa shabaha, ambako kila mtu ana kinga ya masikio, huo ni usumbufu. Lakini tukumbuke tarehe 15 Januari 2019, wakati washambuliaji walipoingia katika jengo la DusitD2, 14 Riverside Drive, wakaua watu 21, na maafisa wakaingia vyumba kwa vyumba wakiwatoa mamia ya watu. Na miaka iliyotangulia, Septemba 2013, watu 67 waliuawa katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Westlands. Katika korido mvumo hugonga kuta na kurudi, na wa kuupokea ni mwenzake mpigaji, au mama aliyejikunja chini ya meza akisubiri kuokolewa. Kwa hiyo kipaza sauti cha majaribio kiwekwe sikioni mwa mpigaji, kiwekwe na mita moja kando yake, kisha jaribio lote lirudiwe ndani ya chumba.

Ama kuhusu raia, njia haikuachwa wazi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huihesabu kuwa silaha hata zana iliyofanywa kupunguza mlio au mwako wa bunduki. Na anayekutwa na bunduki za namna ya AK-47, G3 au MP5 pasipo idhini aweza kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mwenye leseni ya bastola aendaye Kirigiti kujizoeza shabaha yuko chini ya bodi ya leseni, wala hana ruhusa ya kujifanyia majaribio ya bunduki za kivita nyumbani kwake Karen au Lavington. Basi mtihani huu ni wa serikali, nao umekuwa wa karibu zaidi tangu Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipofungua Ruiru kiwanda cha silaha ndogo kilichotangazwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Nchi iundayo bunduki zake haina tena haja ya kulimeza neno la mwuzaji wa ng'ambo. Ina wahandisi, ina wanafizikia wa Chiromo, na ina madaktari wa masikio katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambao wote wangeweza kukaa meza moja na kuitia sahihi ripoti yenye tarakimu nne: pigo begani, muda wa kuirudia shabaha, uaminifu wa bunduki, na mlio masikioni mwa walio kando. Atakayekuja na kifaa akidai kimeliondoa teke, aulizwe amelipeleka kwa nani. Na asipojibu kwa hesabu, fedha ya umma isimnunulie kifaa hicho.