Filamu ya Kupigia Maua: Anza na Anayesafisha

Alizeti za Gairo zikishachanua hazimsubiri mtu, wala saintpaulia za zambarau kwenye miamba yenye kivuli ya Uluguru. Kama una kamera ya filamu na unataka rangi ya ua itoke ilivyo, amua mapema utatumia filamu gani. Ila usianze na bei ya mkanda. Uliza kwanza nani atausafisha.

Studio nyingi zilizokuwa na mashine za kusafisha picha zimehamia dijitali. Kutoka Gairo mkanda wako huenda ukapanda basi hadi Dar es Salaam, pengine uvuke mpaka. Jumlisha mkanda, kifurushi kwenda na kurudi, kusafisha na kuskani, kisha gawa kwa picha 36 za mkanda. Hiyo ndiyo bei ya picha moja. Mkanda ukitumwa kwa ndege kabla ya kusafishwa, mashine mpya za ukaguzi zinaweza kuuharibu.

Kisha chagua aina ya filamu, slaidi au negativu. Slaidi ina sifa moja kubwa: rangi unayoiona ndiyo iliyopigwa. Lakini kwa kawaida bei yake ni mara mbili ya negativu au zaidi, dawa zake ni tofauti, na wanaoisafisha ni wachache. Tena haisamehe. Mwanga ukizidi kidogo tu, petali za alizeti hugeuka bonge la njano lisilo na mishipa. Slaidi za rangi kali ziache kabisa, zimetengenezwa kupendezesha.

Negativu ni nafuu na huvumilia mwanga ukizidi. Tatizo lake liko kwenye kuskani, maana hapo ndipo rangi inapoamuliwa. Picha ikijaa majani ya kijani, mashine hudhani kijani kimezidi, inakipunguza, na ua jeupe linatoka la waridi. Dawa ni kadi ya kijivu. Ipige kwenye picha ya kwanza, na tena kila mwanga unapobadilika, kisha mwambie fundi apange rangi kwa kadi hiyo. Kadi moja inadumu miaka. Karatasi nyeupe ya fotokopi haifai, kwa sababu ina dawa ya kung'arisha inayovuta kwenye bluu.

Maua ya bluu na zambarau yana shida yake. Baadhi huakisi wekundu wa mbali ambao jicho halioni lakini filamu inaunasa, hivyo yanatoka na uwaridi. Filamu ya bei kubwa haikuhakikishii kupona. Piga kivulini chini ya anga la bluu. Na kama hayo ndiyo maua yako makuu, azima kamera ya dijitali.

Kwa mwenye fedha kidogo, nasema negativu ya mwanga wa mchana, ASA 100 au 200, pamoja na kadi. Filamu iliyopita muda usiiguse hata ikitolewa bure. Rangi zake huenda zimeshahama. Usiache mkanda kwenye dashibodi ya gari. Na ukiwa na mikanda miwili au mitatu, itume kwa kifurushi kimoja.